Chandarua Kilichokuwa Ziwani
Fundisho juu ya Amri ya Tano

Kitabu cha pili cha Wafalme chasimulia habari za mtu mkubwa wa nchi ya Siria, jina lake Naaman. Alikuwa mkuu wa majeshi, mwenye farasi na magari ya vita, na mfalme wake alimheshimu sana. Lakini mtu huyo mkubwa alikuwa na ukoma. Nyumbani mwake alikuwamo msichana mdogo aliyetekwa vitani katika nchi ya Israeli, naye alimtumikia mke wa Naaman. Msichana huyo hakuwa na mali, wala ndugu, wala uhuru. Hata jina lake halikuandikwa. Lakini alijua jambo moja ambalo bwana wake hakulijua: kwamba katika Samaria yuko nabii awezaye kumponya. Basi hakunyamaza. Alimwambia bibi yake. Bibi akamwambia mumewe. Mume akamwambia mfalme. Mwisho wake Naaman alishuka katika mto Yordani mara saba, akatoka na ngozi safi kama ya mtoto.

Wengi wakisikia habari hiyo humkumbuka nabii Elizeo na maji ya Yordani. Ni wachache wanaomkumbuka yule msichana. Hata hivyo, kama angalifunga kinywa chake, Naaman angalikufa na ukoma wake. Tena msichana angaliweza kuwaza moyoni: «Mtu huyu ni adui wa taifa langu, na afe.» Hakuwaza hivyo. Alimwonea huruma, akasema alilolijua. Na yule mkubwa, mwenye farasi na magari, hakuona haya kulisikiliza neno lililotoka kwa mtumwa mdogo.

Wakatekumeni wapendwa, mambo hayo mawili ni ya lazima hata leo: mdogo ajuaye asinyamaze, na mkubwa asiyejua asione haya kusikiliza. Sikilizeni mfano huu. Kijiji chake hakina jina, kwa kuwa chaweza kuwa kijiji chochote cha kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo.

Katika kijiji hicho mvua zilipoanza, homa ilianza pia. Wakubwa waliugua siku chache, wakaamka. Lakini watoto wachanga waliwaka moto, wakatapika, wakalegea. Wengine walishikwa na degedege, macho yakageuka. Kila mwaka, kabla ya mahindi kukomaa, palikuwa na makaburi mafupi. Na kila palipochimbwa kaburi fupi, watu waliulizana kwa sauti ya chini: «Nani amemla mtoto huyu?»

Mwaka mmoja alikufa mtoto wa kiume, mzaliwa wa kwanza wa mama yake. Ndugu zake walikwenda kwa mfumu, yaani mpiga ramli. Mfumu alitikisa kibuyu chake, akasema kwamba mchawi ni mwanamke mzee, anakaa upande wa ziwa, na macho yake ni mekundu. Watu wote wakamjua mara moja. Alikuwa mjane mmoja aliyekausha samaki kwa moshi tangu ujana wake, na moshi huo wa miaka mingi ndio uliokuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Usiku ule ule walikuja wakaivua nyumba yake majani. Asubuhi alifunga sufuria yake katika kitambaa, akaenda kukaa katika kijiji cha mtoto wa dada yake, mwendo wa nusu siku.

Kati ya wale waliovua majani alikuwamo mvuvi mmoja. Mtu huyo alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa pili. Alizijua sala, na amri kumi alizitaja zote bila kukosa.

Katika kijiji hicho palikuwa na shule ya msingi ya misioni. Mwalimu wa darasa la tano aliwafundisha watoto habari za homa ya malaria, kwa sababu tarehe 25 ya mwezi wa nne ni siku ambayo tangu mwaka 2008 ulimwengu mzima unaikumbuka malaria. Aliwaambia kwamba homa hiyo haitoki katika maembe mabichi, wala katika jua kali, wala katika maji ya mvua yanayomlowanisha mtu njiani. Inatoka kwa kijidudu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, kinachokaa ndani ya damu. Daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, ndiye aliyekiona mara ya kwanza katika damu ya mgonjwa, huko Algeria, mwaka 1880. Mwaka 1897, katika nchi ya India, daktari Ronald Ross alikiona ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata waganga wa Italia walionyesha wazi kwamba mbu wa aina ya anofele ndiye anayempelekea binadamu ugonjwa huo.

Tena mwalimu aliwaeleza njia ya kijidudu hicho. Mbu jike anamwuma mgonjwa usiku ili apate damu ya kulishia mayai yake; pamoja na damu anakunywa vijidudu. Vinakomaa ndani yake kwa muda wa siku 10 au zaidi. Halafu anamwuma mtu mwingine, na vijidudu vinaingia mwilini mwake pamoja na mate ya mbu. Kwanza vinajificha ndani ya ini. Kisha vinatoka, vinaharibu damu, na homa inaanza. Tangu kuumwa hata kuugua ni majuma mawili hivi. Ndiyo sababu watu hawamshtaki mbu. Siku anapouma hawaoni ubaya wowote, na siku wanapougua wamekwisha kumsahau.

Mtoto mmoja aliuliza: «Mwalimu, mbona basi homa huja pamoja na mvua?» Mwalimu akajibu: «Kwa sababu mbu hutaga mayai yake katika maji yaliyotulia. Mvua hujaza mashimo ya kufinyangia matofali, na nyayo za ng’ombe, na viziwa vya samaki vilivyoachwa. Mvua hailetei homa, bali huwapa mbu mahali pa kuzalia.»

Kisha mwalimu aliwatajia hesabu ya Shirika la Afya la Ulimwengu. Mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 hivi duniani. Katika kila watu 100 waliokufa hivyo, 95 walikuwa wa Afrika. Na kati ya wafu hao wa Afrika, watatu katika kila wanne walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Nchi ya kwanza kwa wingi wa wagonjwa na wafu ilikuwa Nigeria. Nchi ya pili ilikuwa Kongo. Watoto wa darasa la tano walinyamaza. Hapakuwa na mmoja kati yao asiyekuwa na ndugu mdogo kaburini.

Basi mwalimu aliwapa kazi. Wagawanyike wawili wawili, waende nyumba kwa nyumba, wawasalimu wenye nyumba kwa heshima, na kuuliza: «Chandarua kiko wapi?» Kila walipoona chandarua kimetandwa juu ya kitanda au mkeka, watie punje ya mahindi mfukoni. Kila walipoambiwa kwamba chandarua kipo, lakini hakiko juu ya kitanda, watie punje ya maharagwe.

Watoto walikwenda. Katika nyumba moja chandarua kilikuwa kimezunguka bustani ya mboga ili kuku wasiingie. Katika nyumba nyingine kilikuwa kimefungwa katika sanduku, kikingoja mgeni wa heshima. Mzee mmoja alisema kwamba chake kinamletea joto. Mama mmoja alikuwa nacho kimoja tu, nacho kililaliwa na baba peke yake. Na kando ya ziwa watoto waliona vyandarua vingi vimeshonwa pamoja, vimekuwa wavu mmoja mrefu wa kuvulia ndagala. Waliporudi shuleni walimwaga punje zao juu ya meza. Maharagwe yalikuwa mengi kuliko mahindi.

Siku ya Dominika, baada ya sala, katekista aliwaruhusu watoto waseme mbele ya watu wote. Walileta vibuyu viwili, kimoja cha mahindi na kimoja cha maharagwe, wakavimimina juu ya mkeka, wakaeleza. Wazee wengine walikasirika. Mmoja alisema: «Tangu lini yai linamfundisha kuku? Baba zetu walilala bila vyandarua.» Msichana mmoja akajibu kwa adabu, macho yake yakitazama chini: «Ni kweli, Mzee. Na Mzee mwenyewe alitufundisha kwamba katika watoto tisa wa mama yake walibaki watatu.» Yule mzee hakujibu neno.

Msichana huyo alikuwa binti wa yule mvuvi. Naye mvuvi alirudi nyumbani na hasira, kwa kuwa wavu ule wa vyandarua ulikuwa wake. Alimwambia binti yake: «Umeniaibisha mbele ya watu. Ndagala ndizo zinazokulipia karo ya shule.» Binti akanyamaza, akaenda kusaga.

Hazikupita siku nyingi, mtoto mdogo wa mvuvi, mwenye miaka miwili, alishikwa na homa. Siku ya kwanza mama yake alimpangusa kwa maji. Siku ya pili mtoto alikataa kunyonya. Usiku wa siku hiyo degedege ilimshika. Nyumba ikajaa watu. Ndugu wa mvuvi akasema: «Ni yule mwanamke. Ametufuata. Twende kwa mfumu kabla hapajakucha.» Mwingine akaleta kijiko ili amtie mtoto kinywani, wa tatu akaleta dawa ya kuchanja.

Mvuvi alisimama katikati ya nyumba. Upande mmoja palikuwa na njia ya kwenda kwa mfumu, karibu tu, nyuma ya migomba. Upande mwingine palikuwa na njia ya kwenda kituo cha afya, mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu.

Ndipo binti yake alipokuja mbele yake, akapiga magoti. «Baba,» akasema, «yule bibi anakaa mwendo wa nusu siku, wala hajapita hapa tangu mvua za mwaka jana. Mbu amekaa hapa kila usiku. Kitanda cha mdogo wangu hakina chandarua. Chandarua chake kiko ziwani. Baba, twende tukamponye.»

Wote walimtazama mvuvi, wakangoja amchape. Hakumchapa. Alimchukua mtoto mikononi, akamwambia mkewe: «Lete kanga.» Binti alimlaza ndugu yake kwa ubavu, kama alivyofundishwa, wala hakuacha mtu amtie kitu kinywani. Mtumbwi ukatoka gizani.

Katika kituo cha afya muuguzi alimchoma mtoto kidole, akatoa tone moja la damu, akalitia katika kipimo kidogo. Baada ya dakika 15 na kitu alimwonyesha baba mistari miwili. «Hii ndiyo malaria,» akasema. «Imekwisha kuwa kali. Mngalikuja kesho, singalijua la kuwaambia.» Akamchoma mtoto sindano ya dawa, usiku ule na tena siku iliyofuata. Siku ya tatu mtoto aliomba kunyonya. Muuguzi akampa mama vidonge vya siku 3, akamwagiza avimalize vyote, hata kama mtoto anaonekana amepona. Kwa maana anayeiacha dawa katikati anaviacha vijidudu vingine vikiwa hai.

Mvuvi alirudi nyumbani na mtoto mzima. Jambo la kwanza alilofanya ni kufumua wavu wake. Vyandarua vilivyotoboka vibaya alivitupa shimoni. Kilichokuwa bado kizima alikifua, akakianika kivulini, akakitanda juu ya mkeka wa watoto. Lakini usiku hakupata usingizi. Alfajiri alikwenda kwa katekista, akamwambia: «Mwalimu, mtoto wangu alishikwa na mbu. Basi na yule mtoto aliyekufa mwaka jana alishikwa na mbu vilevile. Na mimi nilivua majani ya nyumba ya yule bibi kwa mikono yangu.»

Katekista hakumpa maneno ya kumtuliza. Alimwuliza: «Unataka ubatizo kwa Pasaka?» Mvuvi akajibu: «Nautaka sana.» «Basi,» akasema katekista, «njia ya kwenda kwenye maji ya ubatizo inapita kwanza mlangoni pa yule bibi.»

Mvuvi alitembea nusu siku. Alimkuta mjane akigeuza samaki juu ya moshi. Alipiga magoti mbali kidogo, kwa kuwa aliona haya kukaribia. «Bibi,» akasema, «tulikusingizia. Hukumwua mtu yeyote. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukurudisha nyumbani.» Mjane alimtazama muda mrefu kwa macho yake mekundu. Kisha akauliza neno moja: «Na mama wa yule mtoto, nani atamwambia?»

Swali hilo lilikuwa zito kuliko kuezeka nyumba. Maana yule mama alikuwa ameupata mtu wa kumchukia, na chuki ilikuwa kama fimbo ya kuegemea. Mvuvi na katekista walikwenda kwake pamoja. Walimweleza habari za kijidudu, na mbu, na tone la damu. Aliwasikiliza bila kusema. Mwisho aliuliza: «Basi ningaliweza kumponya?» Katekista akamjibu: «Mama, hukujua. Mungu hamhukumu mtu kwa jambo asilolijua. Lakini sasa tumekwisha kujua, na Mungu atatuuliza tutakalolitenda.» Mama alilia. Siku mjane alipofika kijijini, mama huyo ndiye aliyemtangulia njiani, akampokea mzigo wake kichwani. Hawakusema mengi. Jumamosi vijana walikata majani, nyumba ikaezekwa upya. Ndani yake watoto wa shule walitanda chandarua.

Huo ndio mfano. Sasa mafundisho yake.

Amri ya kwanza yakataza kumwendea mpiga ramli. Mkatekumeni amwendeaye mfumu amempa kiumbe heshima iliyo ya Mungu peke yake. Tena amepoteza saa. Homa kali ya malaria yaweza kumwua mtoto katika siku moja au mbili, na saa iliyopotezwa kwa mfumu hairudi.

Amri ya tano yakataza kuua. Wengi hudhani kwamba amri hiyo ni ya wenye mikuki na bunduki. Sivyo. Yatuamuru pia kuulinda uhai tuliopewa, wetu na wa wengine. Baba aliyepewa chandarua cha mtoto, akakitia ziwani ili apate ndagala, hana nia ya kuua. Lakini akikwisha kufundishwa na bado akakaidi, hana udhuru. Hata ziwa lenyewe laumia, kwa sababu chandarua hukamata na watoto wa samaki, na dawa iliyomo ndani yake hudhuru viumbe vya majini. Basi anayevua kwa chandarua anawaibia watoto wake mara mbili: usiku kitandani, na kesho chunguni.

Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Kila kaburi la mtoto lisipoelezwa kwa kweli litaelezwa kwa uongo, na uongo huo humwangukia daima aliye mnyonge: mjane, mzee, yatima. Macho mekundu si dalili ya uchawi. Ni dalili ya moshi na umaskini. Aliyemsingizia mwenziwe halazimiki kuungama tu, bali pia kurudisha jina jema alilolivunja, kama mwizi anavyorudisha mbuzi.

Pengine mtu atasema: «Je, si kukosa imani kutumia dawa na vyandarua? Si afadhali kusali?» Mwenye hekima katika Kitabu cha Sira afundisha kwamba mganga apewe heshima yake, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mkono wa Mungu mwenyewe, tena amwagiza mgonjwa asali na kumwita mganga pia. Eklezya imefuata njia hiyo daima. Katika karne ya 17 ni mapadri Wayezuiti walioleta Roma, kutoka nchi ya Peru, gamba la mti wa sinkona, lile lililotolewa baadaye dawa ya kinini. Na katika nyakati zetu, bibi mtaalamu wa China, Tu Youyou, alipata katika mmea mmoja dawa iitwayo artemisinini. Ndiyo iliyomo katika vidonge vya malaria vya leo, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mungu ameweka dawa katika gamba la mti na katika jani. Aidharauye hamheshimu Mungu.

Watu wa Ziwa Tanganyika wanao mfano wao wenyewe. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, mnamo mwaka 1866. Akiwa bado mtoto alitekwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe walimkomboa, wakamlea, wakampeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, ng’ambo ya mashariki ya ziwa, akiwa mganga na katekista pamoja. Alikaa huko miaka zaidi ya 60, akiponya miili kwa dawa na kufundisha roho kwa katekisimu, mpaka alipokufa mwaka 1956. Hakuona ugomvi wowote kati ya kazi hizo mbili. Mtoto mtumwa wa Naaman alionyesha njia ya uponyaji. Mtoto mtumwa wa mto Niger akawa mponyaji mwenyewe.

Kila nyumba ya Wakristu na ya wakatekumeni na ikumbuke haya. Chandarua chenye dawa kitandwe kila usiku, kikunjwe chini ya mkeka, hata wakati wa joto, hata wakati mbu ni wachache. Vyandarua vikiwa haba, walale kwanza ndani yake watoto wadogo na mama mwenye mimba. Kila mmoja alale ndani, hata watoto wa shule. Kwa maana wengi wao hubeba vijidudu katika damu bila kuugua sana, na mbu huvitoa kwao kuwapelekea wadogo. Mashimo ya matofali yafukiwe, na maji yaliyosimama karibu na nyumba yaondolewe. Kufyeka majani ni vema kwa usafi, lakini mtu asidhani kwamba kufyeka kwatosha. Majani mafupi hayamzuii mbu wa usiku. Mama mwenye mimba na ahudhurie kituo cha afya mapema, apate kinga yake. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku ile ile, wala asingojewe. Tena iko chanjo ya malaria kwa watoto wachanga. Katika Kongo ilianza kutolewa mwaka 2024, kwanza katika jimbo la Kongo-Kati. Mahali itakapofika, wazazi wasiikimbie; lakini hata mtoto aliyechanjwa na alale ndani ya chandarua, kwa sababu chanjo hupunguza hatari, haiiondoi yote.

Bwana wetu Yezu Kristu, mitume walipobishana nani aliye mkubwa, alimwita mtoto akamsimamisha katikati yao. Na siku ile alipowalisha watu maelfu jangwani, mikate mitano na samaki wawili vilitoka katika mikono ya kijana. Mungu ahitaji kidogo tu kutoka kwa mdogo: mikate mitano, au neno moja lililosemwa kwa adabu, au kibuyu cha maharagwe kilichomiminwa juu ya mkeka. Lakini Naaman asingalishuka mtoni, neno la yule msichana lingalipotea bure.

Pasaka ilipofika, yule mvuvi alibatizwa. Mama mzee mwenye macho mekundu alikaa mbele, na mtoto mwenye miaka miwili alilala usingizi magotini pake.

Maswali ya kukumbuka

Nani huleta homa ya malaria? — Mbu wa usiku aitwaye anofele, achukuaye kijidudu kutoka damu ya mtu mmoja hata damu ya mwingine.

Chandarua ni cha kazi gani? — Ni cha kulinda uhai usiku. Si cha kuvulia samaki, wala cha kuzungushia bustani.

Mtoto akishikwa na homa, mkatekumeni atafanya nini? — Atamwomba Mungu, naye atampeleka mtoto kituo cha afya siku ile ile.

Aliyemsingizia mwenziwe uchawi afanye nini? — Atubu, amwombe msamaha, na kumrudishia jina lake jema mbele ya wale waliosikia uongo.

Kwa nini wakubwa wawasikilize watoto wasemao kweli? — Kwa sababu kweli yote yatoka kwa Mungu, hata ikisemwa na mdogo.

Sala

Ee Mungu, Baba wa uzima, ulinde usingizi wa watoto wetu. Uwape wadogo ujasiri wa kusema lililo kweli, na wakubwa unyenyekevu wa kulisikia. Utuondolee mioyoni hofu inayowashtaki wasio na kosa. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.